Magome ya Mkandaa na Sufuria za Kianda

Juma lililopita nilikuwa Kianda, kule Kibera, kwa binti ami yangu anayetia rangi vitambaa vya pamba mlangoni pake. Rangi ya dukani hainunui. Alikuwa na sufuria tatu: maganda ya vitunguu anayookota soko la Toi, kokwa za parachichi, na manjano.

"Kaka, ukirudi Lamu niletee magome ya mkandaa," akaniambia. Nikanyamaza.

Mkandaa ni katika jamii ya mikoko. Wazee wetu walichemsha magome yake wakatia ukindu rangi ya wekundu wa kahawia, na wavuvi wakatosa nyavu zisioze. Si sisi pekee. Huko Japani, visiwa vya Yaeyama, nguo hutiwa rangi kwa magome ya mikoko vilevile. Kazi yote hufanywa na tanini, ile iachayo ukakasi mdomoni ukinywa chai kali.

Hapa wengi hukosea. Pamba haishiki rangi ya mmea hivi hivi. Huloweshwa kwanza kwenye tanini, kisha kwenye shabu, ile ya vinyozi, ndipo rangi ipate pa kushika. Wajapani walitumia majivu ya mti wa tsubaki, kwa kuwa yana alumini kama shabu. Ukitia msumari wenye kutu, tanini hugeuka kijivu mpaka karibu nyeusi. Manjano mimi siyapendi: jua likiyapiga yamekwenda, na sabuni huyageuza mekundu. Mteja mmoja alimrudishia kitambaa akidai amepunjwa.

Turudi kwa lile ombi. Mkoko ukibanduliwa gome kuzunguka shina zima hufa, maana chakula cha mizizi hupita gomeni. Nikamwambia sileti. Akakasirika.

"Nyinyi mna miti, mimi nina kodi ya nyumba."

Kweli, kodi haingoji. Lakini kokwa zake za parachichi zina tanini, na maganda ya komamanga nayo yana tanini tele. Tukachemsha kokwa, tukalowesha kitambaa, tukatia shabu, kisha maganda ya vitunguu. Kikatoka dhahabu iliyokolea. Akakata kipande, akakifua mara tatu bila kusema neno.

"Kimeshika," akasema. "Lakini bado naitaka ile nyekundu."

Nikirudi nitawauliza mafundi wanaobandua boriti zilizokwisha katwa, yale magome huyatupa wapi.