Charles Rubia: Kutoka Joho la Meya hadi Kizuizini

Kabla ya mabaraza ya miji kufutwa mwaka 2013, miji midogo ya kiwango cha Ogembo, huko Kisii, iliongozwa na mwenyekiti. Cheo cha meya kilikuwa cha manispaa na jiji, pamoja na joho na mkufu mzito wa shingoni. Mwafrika wa kwanza kuuvaa mkufu huo Nairobi alikuwa Charles Wanyoike Rubia, mwaka 1962, bendera ya Uingereza ikiwa bado inapepea.

Rubia alizaliwa Murang'a mwaka 1923 na kusoma Shule ya Upili ya Alliance. Aliingia katika baraza la Nairobi miaka ya 1950, akawa naibu wa meya, kisha meya hadi 1967. Wakazi hawakumpigia kura ya umeya: meya wa enzi hizo alichaguliwa na madiwani wenzake.

Hata hivyo, kiti hicho kilikuwa na nguvu. Baraza la jiji lilisimamia maji, zahanati, shule za msingi na nyumba za kupangishia wafanyakazi katika mitaa ya Eastlands. Ukitaka kujua uzito wa mambo hayo, tazama kilichoyapata mabaraza ya mashambani. Mwaka 1970 serikali kuu iliyanyang'anya mabaraza ya kaunti, lile la Gusii likiwemo, shule za msingi, afya na barabara. Nairobi na manispaa nyingine chache zikaachiwa zao.

Mwaka 1969 Rubia alichaguliwa mbunge wa Starehe. Alikuwa mtu wa chama tawala, KANU, tajiri, na wala hakuwa mwanaharakati wa kurusha mawe. Ndiyo maana alipoupinga upigaji kura wa mlolongo mwaka 1986, watu walitega sikio. Katika mchujo wa KANU, mpiga kura alitakiwa kusimama nyuma ya mgombea wake au wakala wake, mbele ya chifu, mwajiri na jirani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Mwaka 1988 malalamiko yalisikika nchi nzima kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Rubia naye alikipoteza kiti chake mwaka huohuo.

Mei 1990, yeye na aliyekuwa waziri, Kenneth Matiba, waliwaita waandishi wa habari na kudai mfumo wa vyama vingi. Wakapanga mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai. Serikali ikaukataza, na siku tatu kabla yake wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Umati ulijitokeza hata hivyo, polisi wakatumia nguvu, na siku hiyo ikabaki na jina la Saba Saba.

Rubia aliachiliwa mwaka 1991 akiwa mgonjwa, sauti yake imeharibika. Desemba ya mwaka huo Bunge lilifuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Alifariki Desemba 2019, akiwa na umri wa miaka 96.