Mpwa Anapokuja na Njumu Begani

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mtu wa kusini uliyehamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, na makazi yako ni Temeke, Mtoni au Mbagala, basi jambo nitakalolieleza hapa yumkini limekwisha kukufika. Na kama bado, liko njiani. Aghalabu huwa mwezi wa Julai. Kule Kilwa ufuta umekwisha kuvunwa na kuuzwa, na nyumbani kumeingia fedha kidogo. Huku mjini redio na magazeti hayana habari nyingine ila usajili wa wachezaji kwa msimu mpya. Simu inalia. Ni dada yako, anapiga kutoka Mitole. Mnajuliana hali, mnaulizana habari za watoto na za shamba, kisha anafikia lile alilokusudia: "Kaka, mpwa wako anakuja huko. Watu wote hapa wanasema anaujua mpira. Mtafutie timu."

Siku mbili baadaye kijana anateremka Rangi Tatu, mfuko wa nguo mkononi, njumu zimefungwa kamba na kuning'inizwa begani. Ana miaka 16 au 17. Anakuamkia kwa heshima, "Shikamoo mjomba," na tangu hapo mzigo ni wako.

Nasema mzigo kwa makusudi. Kwa watu wengi wa kusini mjomba si jamaa wa kutembelewa siku ya Idi tu. Ana neno katika mambo ya mtoto wa dada yake, na akikosea huulizwa. Kijana huyu hakuja peke yake. Amekuja na mategemeo ya watu wengi. Mama yake anaona nyumba ya bati. Wadogo zake wanaona sare mpya za shule. Vijana aliokuwa akicheza nao ndondo wamekwisha kumtangaza kuwa ni mtu wa Simba au wa Yanga, kabla yeye hajaonana na kocha yeyote. Na tusifichane, ndugu msomaji: hata wewe mjomba, usiku umelala chali unatazama dari, umekwisha kujiona umekaa jukwaa kuu.

Mategemeo si dhambi. Lakini yafaa kujua kijana anakwenda kukutana na nini. Majaribio ya mpira hayafanani na ndondo za nyumbani. Hukusanyika vijana wengi, hugawanywa katika timu, hupewa vizibao, kisha huachiwa dakika ishirini au thelathini waoneshe walichonacho. Mpwa wako anacheza na watu asiowajua jina. Kila mmoja amekuja kujionesha, na anayekuja kujionesha hatoi pasi kwa mgeni. Kijana aliyekuwa akifunga mabao matatu kila Jumamosi anaweza kukimbia nusu saa nzima na mpira asiuguse mara tano. Kocha hana kosa, ameona alichoona. Na kijana naye hana kosa.

Kwa hiyo majaribio ya siku moja hayathibitishi kitu, wala kwa kufaulu wala kwa kushindwa. Kinachothibitisha ni miaka, na kwa hili tuna mfano kutoka Mbagala penyewe. Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992, akaanzia Mbagala Market, klabu iliyokuja kuitwa African Lyon. Alipita Simba, na mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi wetu tunakumbuka habari ile kana kwamba baada yake alipanda ndege moja kwa moja hadi Uingereza. Sivyo. Alikaa Lubumbashi hadi Januari 2016, akiwa ametwaa ubingwa wa Afrika wa klabu wa mwaka 2015 na tuzo ya mchezaji bora kati ya wanaocheza barani. Kisha alikwenda Genk ya Ubelgiji, akatwaa ubingwa wa nchi ile mwaka 2019. Alipoingia Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa na miaka 27. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita tangu ahame Simba. Dada yako huko Mitole anahesabu miezi.

Mfano wa pili unafunza namna nyingine. Mwaka 2019 nchi yetu iliandaa fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Katika Serengeti Boys alikuwamo Kelvin John, mshambuliaji ambaye watu walikwisha kumbandika jina la "Mbappe". Fikiria mtoto wa miaka 15 anaamka asubuhi na jina la bingwa wa dunia mgongoni! Timu ilifungwa michezo yote mitatu: na Nigeria 5-4, na Uganda 3-0, na Angola 4-2. Taifa zima lilikuwa limekwisha kuwapangia watoto wale safari ya Kombe la Dunia. Kelvin hakuharibikiwa. Alikwenda kusoma Uingereza, akasubiri, na mwaka 2021 alipotimiza miaka 18 akajiunga na Genk. Mwaka 2024 alihamia Aalborg ya Denmark. Hakupata kuwa Mbappe, na hakupasa kuwa. Amekuwa mchezaji wa kulipwa mwenye kazi yake, jambo ambalo vijana wachache sana hulipata.

Kusubiri kwake hakukuwa hiari tupu. Sheria za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Basi akija mtu nyumbani kwako na koti zuri, akakuambia ana nafasi ya Ulaya au Uarabuni kwa kijana wa miaka 16, na kinachohitajika ni fedha ya pasipoti na "fomu" tu, mkaribishe maji ya kunywa, kisha muombe leseni yake. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na hawezi kumshughulikia mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Hata klabu ya hapa nchini ikimtaka, jua kwamba mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Soma karatasi yote. Ukichoka kusoma, mpe mkeo asome. Wao huona herufi ndogo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya majaribio hayajaanza, patatokea mtu, pengine mwenye nia njema kabisa, atakunong'oneza: "Huyu kijana punguza miaka miwili." Atakuambia kuna umri wa kuzaliwa na kuna umri wa mpira. Kijana mwenyewe atakutazama usoni ajue mjomba atajibu nini.

Jibu alilotoa mtu mzima mmoja limekwisha kuigharimu nchi. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizofanyika Gambia, wakaondolewa kwa sababu mchezaji mmoja alikuwa amezidi umri. Kikosi kizima kilibaki nyumbani kwa ajili ya miaka ya mtu mmoja. Miaka 12 baadaye upepo uligeuka: kwa fainali za mwaka 2017 Kongo ya Brazzaville iliondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji wake, na nafasi ile ikawa yetu. Vijana walikwenda Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakabakiwa na Niger. Sare tu ingewapeleka Kombe la Dunia la vijana nchini India. Walifungwa 1-0. Iliuma, lakini ilikuwa maumivu safi. Walishindwa mpira, hawakushindwa cheti.

Siku hizi cheti peke yake hakiamui. Tangu Kombe la Dunia la vijana la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA hutumia mashine ya sumaku kupiga picha ya kifundo cha mkono. Mtoto anayekua ana sehemu ya gegedu karibu na mwisho wa mfupa wa mkono, na hapo ndipo mfupa unaporefuka. Ukuaji unapofikia mwisho, gegedu hugeuka kuwa mfupa na nafasi ile huziba. Ni nadra sana kuziba kabisa kabla ya miaka 17. Kijana ambaye nafasi yake imekwisha kuziba haruhusiwi kucheza na wa chini ya miaka 17, karatasi iseme itakavyo. Mjomba unaweza kushawishi ofisi. Kifundo cha mkono hakishawishiki.

Na hata asipopigwa picha, uongo ule humkaa. Kijana aliyepunguzwa miaka miwili hawezi kuonesha cheti chake halisi cha shule bila kuogopa. Ataishi na tarehe mbili za kuzaliwa, moja ya mama yake na moja ya klabu, na siku zitakapogongana wewe uliyemshauri hutakuwapo uwanjani.

Kuhusu shule niseme kwa ufupi, maana unajua. Msimu hufunguliwa Agosti au Septemba. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Kijana wa kidato cha nne anayeondoka Mitole Julai kuja kujaribiwa anaacha darasa wakati ule ambao wenzake wanakaza. Kama yuko kidato cha nne, mwambie dada yako, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba aje Desemba. Mpira hautakuwa umehama. Kama yuko kidato cha pili au cha tatu na klabu ya vijana imemkubali, shughulikia uhamisho wa shule kabla ya kushughulikia jezi. Si shule pekee inayongoja: kuna mkeo pia. Mkaza mjomba ndiye atakayepika. Kijana anayekimbia asubuhi na jioni hula sahani mbili na kutazama ya tatu. Zungumzeni kabla ya basi kufika, siyo baada ya unga kwisha.

Kuna karatasi nyingine ambayo watu wa vijijini huipuuza, nayo ina fedha halali ndani yake. Mchezaji wa kulipwa anapouzwa kutoka klabu moja hadi nyingine katika nchi mbili, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomfunza tangu miaka 12 hadi 23, kila moja kwa miaka iliyomlea. Lakini hulipwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu. Timu ya Mitole iliyomfundisha kijana kupiga mpira kwa mguu wa kushoto, kama haijaandikishwa na chama cha mpira cha wilaya wala haina jina la kijana katika daftari lolote, haitapata hata shilingi. Wanaokusanyana fedha za ufuta kununua mpira wanunue na daftari.

Wala si lazima kila njia ipitie Rangi Tatu. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Katika msimu wake wa kwanza ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Simba 2-1, na msimu uliofuata ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ruangwa! Mtu aliyesema hivyo miaka ya nyuma angechekwa barazani. Simaanishi kwamba kijana wa miaka 16 atapokelewa huko kwa kuwa ni wa mkoa uleule. Klabu yenye mchezo wa kushinda kila wiki hutafuta kwanza mchezaji aliyekwisha kuiva. Lakini kuna michezo ya shule, UMISSETA, ambako mtoto huonekana akiwa bado na daftari zake, na hulala kwa mama yake hadi siku ya kambi. Na kama mpwa wako ni wa kike, usicheke. Timu ya kwanza ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA la soka ya kawaida, kwa umri wowote, ilikuwa ya wasichana: Serengeti Girls, huko India mwaka 2022. Waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali.

Nimebakiza jambo moja, la yule asiyefaulu, kwa kuwa wengi hawafaulu. Siku ya kumpokea, mpigie dada yako simu kijana akiwa amekaa hapo anasikia, mkubaliane tarehe ya kurudi. Iwe wazi kwamba kurudi kumepangwa tangu mwanzo. Bila hivyo, kijana aliyetangazwa Mitole nzima kuwa mtu wa Ligi Kuu haoni njia ya kurudi. Huona aibu ya kuteremka Nangurukuru na mfuko uleule. Atabaki mjini akibeba mizigo sokoni, akimwambia mama yake kwa simu kwamba timu bado inamfikiria, na mwaka unapita, na wa pili.

Jioni ya majaribio utamkuta kibarazani anafungua kamba za njumu polepole, hasemi. Usimuulize kama wamemchukua. Uso wake umekwisha kukuambia. Mletee maji, ukae karibu naye, umuulize walimpanga nafasi gani, nani alikuwa akimpa pasi, na ule mpira mmoja alioupata aliufanyia nini.