Mshubiri katika Nyumba ya Askari

Mke wa askari anayehamishwa kutoka Kasese kwenda Bwera hujua kwamba lori halina nafasi ya bustani. Vitanda, masanduku na watoto hutangulia. Mshubiri, hata hivyo, waweza kung'olewa, kukung'utwa udongo, kufungwa katika gazeti na kutiwa kikapuni. Utakaa siku kadhaa bila maji, na ukipandwa tena utashika, kwa maana majani yake manene ni ghala la maji.

Sifa hiyo ndiyo inayouponza. Mimea ya namna hii aghalabu haifi kwa kiu. Hufa kwa huruma ya mwenye nyumba anayeimwagilia kila asubuhi kama mchicha. Mizizi ikikaa katika tope hukosa hewa na kuoza. Majani nayo hulegea, mtu akadhani ni kiu, akaongeza maji! Kabla ya kumwagilia, yafaa kuchomeka kidole udongoni. Pakiwa na unyevu, maji yangoje. Katika mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, mara moja kwa majuma mawili huenda ikazidi.

Kopo la mafuta ya kupikia latosha, mradi litobolewe chini. Udongo uchanganywe na mchanga nusu kwa nusu. Mchanga wa ziwa Katwe haufai kwa sababu ya chumvi. Wala ule wa mto Nyamwamba chini ya Kilembe, kwani mto huo huchukua mabaki ya machimbo ya shaba. Kopo liwekwe dirishani penye jua la asubuhi. Maji yanayobaki katika kisahani yamwagwe, yasije yakazaa mbu.

Kuna mmea mwingine unaowavutia wengi: ule mti wa miiba katika mbuga ya Queen Elizabeth, wenye matawi mfano wa kinara cha mishumaa. Kukata mimea ya hifadhi bila ruhusa ni kosa, nao askari hawahitaji kukumbushwa. Lakini hata tawi lililopatikana kwa jirani lisiingizwe katika chumba wanamocheza watoto. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kupofusha. Mtoto aliyerukiwa nao aoshwe jicho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda wa robo saa, kisha apelekwe hospitali bila kungoja jicho livimbe.