Kikohozi: Kwa nini daktari huhesabu pumzi kabla ya kutoa antibaiotiki

BARIDI ya Julai inapotanda mjini Kitale, ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mzazi anayempeleka hospitalini mtoto anayekohoa huwa na tumaini moja: kurudi nyumbani na antibaiotiki.

Akiambiwa kwamba mtoto hazihitaji, huenda akadhani amepuuzwa. Lakini kumnyima mgonjwa dawa isiyomfaa ni sehemu ya matibabu, na kosa katika uamuzi huo, kwa upande wowote, laweza kugharimu maisha.

Antibaiotiki huua bakteria au kuzizuia zisizaane. Hazina nguvu yoyote dhidi ya virusi, ambavyo ndivyo husababisha mafua na vikohozi vingi vya muda mfupi. Hata makohozi kugeuka rangi na kuwa ya manjano au kijani si ithibati kwamba bakteria zimeingia kifuani.

Tatizo ni kwamba nimonia, yaani homa ya mapafu, nayo huanza kwa kikohozi, na ikisababishwa na bakteria humuua mtoto upesi asipopata dawa. Katika zahanati isiyo na mashine ya eksirei, mhudumu atazitofautishaje?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unaofuatwa pia nchini Kenya, unamtaka ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, kipimo ni pumzi 40 au zaidi.

Aidha, mhudumu hutazama iwapo sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Dalili hizo zikiwapo, dawa ya kwanza ni amoksilini, ambayo hupatikana kama vidonge vinavyoyeyuka katika maji.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege au aliyelegea na kupoteza fahamu, huhitaji kulazwa mara moja ili apewe dawa za sindano na, ikibidi, oksijeni. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayepumua kwa kasi hupelekwa hospitalini bila kusubiri.

Mtoto asiye na dalili yoyote kati ya hizo huwa ana mafua au kikohozi cha kawaida. Huhitaji vinywaji vya kutosha, chakula, dawa ya kutuliza homa, na kurejeshwa haraka akianza kupumua kwa shida.

Si kila maumivu ya koo hupuuzwa, hata hivyo. Mengi husababishwa na virusi, lakini bakteria aina ya streptokoka zisipotibiwa kwa penisilini zaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo.

Mjini Bungoma, ambako mbu wa malaria hustawi kuliko katika nyanda za juu za Kitale, uamuzi huwa na ugumu wa ziada. Mtoto mwenye homa na kikohozi aweza kuwa na malaria, nimonia, au yote mawili.

Tangu mwaka wa 2010, WHO imependekeza kwamba damu ipimwe kabla ya dawa za malaria kutolewa. Utafiti uliofanywa baadaye katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba vipimo visipoonyesha malaria, wahudumu wengi huelekea kutoa antibaiotiki badala yake. Ilhali kukosekana kwa malaria hakuthibitishi kuwapo kwa bakteria.

Kwa watu wazima kuna hatari nyingine. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi hupaswa kupimwa kifua kikuu. Akinunua antibaiotiki dukani kila mara, baadhi yazo zaweza kutuliza dalili kwa muda, huku ugonjwa ukiendelea kumla na kuwaambukiza wa nyumbani mwake.

Kila dozi isiyohitajika pia huua bakteria dhaifu na kuziachia nafasi zile sugu. Mtaalamu wa Uingereza, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alitahadharisha kuhusu hatari hiyo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945. Kufikia mwaka wa 2019, watafiti walikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Njia bora zaidi ni kuzuia ugonjwa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria za nimokoka mwaka wa 2011, na chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na wiki sita, 10 na 14. Kunyonyesha, kunawa mikono na kuwaepusha watoto na moshi wa jikoni pia husaidia.

Kwa mzazi wa Kitale au Bungoma, swali la kumuuliza daktari si "mbona hukumpa dawa?" bali "nikiona dalili gani nimrudishe?" Jibu lake ndilo litakalomwokoa mtoto siku ambayo kikohozi kitakuwa kimegeuka nimonia.