Kukadiria na Kusahihisha Katika Somo la Hesabu

Katika somo la hesabu tumezoea kuliona jibu kuwa ama sahihi ama kosa. Hata hivyo, yako maswali mengi ambayo jibu lake halimaliziki kuandikwa kwa tarakimu. Twaweza kulikaribia tu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu hukutana nayo anapojifunza kuiandikia kompyuta programu. Sisi walimu wa shule za msingi twaweza kumtayarisha mapema, kwa ubao na chaki tu.

Tuchukue bustani ya mraba yenye eneo la mita za mraba 10. Upande mmoja una urefu gani? Hatua ni hizi:

1. Kadiria urefu wa upande.
2. Gawanya 10 kwa kadirio hilo.
3. Ikiwa tofauti ya namba hizo mbili ni chini ya 0.001, koma.
4. La sivyo, tafuta wastani wake, uwe kadirio jipya, kisha rudi hatua ya 2.

Tukianza na 3, kugawanya kunatupa 3.3333, na wastani ni 3.1667. Tukigawanya tena twapata 3.1579, na wastani ni 3.1623. Hapo tunakoma. Sababu ni wazi: kadirio likiwa dogo mno, jibu la kugawanya huwa kubwa mno, na urefu wa kweli umo katikati. Heron wa Alexandria, nchini Misri, aliieleza njia hii katika karne ya 1 baada ya Kristo.

Hatua ya 3 isidharauliwe. Mtu akiambiwa "rudia mpaka jibu litoshe" huelewa. Kompyuta haijui kutosha ni nini. Anayeiandikia programu hana budi kutaja kiasi cha tofauti anachokubali.

Darasani, wanafunzi wanne na wawe kompyuta, kila mmoja akitekeleza hatua moja bila kuongeza lake. Huenda mmoja akakadiria 10, wenzake wakamcheka. Mwalimu asimkemee, bali aache hesabu iendelee: 5.5, kisha 3.659, 3.196, na 3.162. Amefika palepale, kwa wastani mara nne badala ya mbili.

Mtoto aliyeyaona hayo hataogopa tena kujaribu. Atajua kwamba kadirio la kwanza si aibu, mradi ipo kanuni ya kulisahihisha.