Kabla Tamthilia Haijawa Kitabu

Katika masomo yetu ya fasihi, tamthilia hutufikia ikiwa kitabu kilichokwisha. Tunachambua wahusika, dhamira na mtindo, kisha tunakifunga. Ni mara chache mtu huuliza maneno yale yalipitia wapi kabla ya kuchapwa. Nataka kulieleza jambo hilo kwa mfano wa ukumbi mmoja ulio ndani ya chuo kikuu, Yale Repertory Theatre wa mjini New Haven, Marekani, na mtunzi aliyejulikana kupitia ukumbi huo, August Wilson.

Ukumbi ulianzishwa mwaka 1966 na Robert Brustein, aliyekuwa mkuu wa shule ya maigizo ya Yale. Unafanana na hospitali ya chuo kikuu: waganga wenye uzoefu wanatibu wagonjwa wa kweli, na wanafunzi wanajifunza kandokando yao. Waigizaji wa kulipwa wanapanda jukwaani, wanafunzi wanaigiza, wanashona mavazi na kupanga taa pamoja nao, na watu wa mjini wanalipa kiingilio. Kwa hiyo si tamasha la kufunga mwaka, ambalo wazazi hupiga makofi hata kama hawakusikia neno.

Mwaka 1979 Lloyd Richards akawa mkuu wa shule na wa ukumbi pia. Huyu ndiye aliyeongoza *A Raisin in the Sun* ya Lorraine Hansberry kule Broadway mwaka 1959. Zaidi ya kazi ya Yale, kila kiangazi alisimamia mkutano wa watunzi katika kituo cha Eugene O'Neill huko Waterford, katika jimbo lilelile la Connecticut. Wilson alipeleka miswada yake huko ikakataliwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1982 wakaupokea mmoja, *Ma Rainey's Black Bottom*.

Mswada ukipokelewa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Waigizaji huketi kuzunguka meza na kuusoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, mtunzi akisikiliza. Hapo hugundua kwamba hotuba aliyoipenda sana inawachosha watu, au kwamba mhusika fulani ametoka chumbani na hakuna aliyemkumbuka. Baada ya mazoezi ya siku chache unafuata usomaji mbele ya watazamaji: vifaa vichache vya jukwaani, mswada mkononi. Usiku mtunzi anarudi kuandika. Pembeni yake yuko mshauri wa mswada, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali: huyu anataka nini? Kwa nini anasema haya leo na si jana? Majibu ni ya mtunzi peke yake. Katika maigizo ya Marekani, desturi na mikataba ya watunzi inakataza neno kubadilishwa bila idhini yake. Bila kinga hiyo ushauri ungegeuka haraka kuwa unyang'anyi.

*Ma Rainey* ilionyeshwa Yale mwaka 1984, na mwaka huohuo ikafika Broadway. *Fences* ikafuata, Yale 1985, Broadway 1987.

Lakini mfano unaofundisha zaidi ni *The Piano Lesson*. Ndugu wawili wanagombania piano iliyochongwa sura za mababu zao. Kaka anataka kuiuza ili anunue shamba ambalo wazee wao walililima wakiwa watumwa, dada hakubali. Ilipoonyeshwa Yale mwaka 1987, mwisho wake haukuwa umekaa sawa: ugomvi wa piano ulibaki ukining'inia. Badala ya kuichapa hivyo au kuitupa, waliisafirisha. Ilikwenda Huntington mjini Boston, ukumbi ambao wakati huo nao ulikuwa chini ya chuo kikuu, ikaenda Goodman wa Chicago na kumbi nyingine, Wilson akiandika upya njiani. Ilifika Broadway mwaka 1990 ikiwa na mwisho mwingine, ikapata tuzo ya Pulitzer. Miaka mitatu, kwa tamthilia ambayo tayari ilikuwa imepigiwa makofi!

Na mtunzi huyo hakuwa na digrii. Aliacha shule akiwa na miaka 15 na kujisomea katika maktaba ya mji wa Pittsburgh. Chuo kikuu hakikumfundisha kuandika. Kilimpa waigizaji, muda, na nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Njia hii ina ugonjwa wake. Kuna miswada inayosomwa hapa, ikasomwa pale, kila mtu akitoa maoni, na isionyeshwe kamwe. Usomaji ni rahisi kuliko onyesho, kwa hiyo wakuu wa kumbi huweza kuufanya kisingizio. Kwa maoni yangu usomaji usio na tarehe ya onyesho mbele yake ni mapokezi tu.

Jambo hili linatugusa kwa karibu. Lynn Nottage, aliyehitimu katika shule hiyohiyo ya Yale, alikwenda Uganda kuwasikiliza wanawake wa Kongo waliokimbia vita, akaandika *Ruined*, inayotokea Ituri. Ilizinduliwa Goodman mwaka 2008 na kupata Pulitzer mwaka 2009. Simlaumu, alisikiliza vizuri. Ninachouliza ni wapi mwanafunzi wetu mwenye habari za Ituri angepata waigizaji wa kumsomea mswada wake mara tatu.

Kwetu sisi wa lugha, kusoma kwa sauti kungefichua jambo lingine. Watunzi wengi wanafunzi huwapa mama muuza makala na dereva wa teksi Kiswahili sanifu cha kitabuni, kwa kuhofia alama za mwalimu. Kwenye karatasi kinapita. Kinywani mwa mwigizaji aliyezaliwa Lubumbashi au Bukavu kinakwama papo hapo, na kila aliye mezani anasikia. Hapo mtunzi ataamua mwenyewe nani aseme sanifu, nani aseme Kiswahili cha mtaani, na nani achanganye na Kifaransa anapotaka kuonekana mkubwa.

Usomaji wa kwanza hauhitaji taa wala pazia. Unahitaji viti vinane, fotokopi nane, mtu mmoja wa kusoma maelezo ya jukwaani, na mwalimu atakayekubali kunyamaza kwa saa mbili. Hata umeme ukikatika, mradi ni mchana.