Doa Lililo Chini ya Unyayo

Huku kwetu Masasi na Newala mikono ya wabanguaji wa korosho haikosi madoa meusi. Madoa hayo hutokana na mafuta makali ya ganda la korosho, yaunguzayo ngozi. Ngozi iliyoungua hubambuka, ikatoka mpya, na doa likaisha. Kadhalika alama ya kuzaliwa isiyobadilika aghalabu haina madhara.

Lakini liko doa lisiloondoka. Kwa sisi watu weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma mara nyingi huanzia mahali pasipotazamwa: unyayoni, kiganjani, au chini ya ukucha. Ndiyo iliyomwua mwimbaji Bob Marley wa Jamaika mwaka 1981, nayo ilianzia kidoleni mwa mguu.

Dalili zake ni hizi: doa hukua, kingo zake hazilingani, rangi zake huchanganyika, hutoka damu, au huwa kidonda kisichopona. Ndugu zetu albino nao, ambao jua huwadhuru zaidi, wasipuuze kidonda kisichopona usoni, masikioni wala mikononi.

Basi, tunapotia udhu tutazame na nyayo zetu. Nanyi vijana, watazamieni wazee ambao macho yao yamepungua nuru. Doa la namna hiyo lisikatwe kwa wembe wala lisichomwe kwa dawa. Mgonjwa apelekwe hospitali, kama Mkomaindo hapa Masasi, ili daktari akate kipande kidogo kikapimwe. Likiwahiwa, huondolewa lingali dogo. Likicheleweshwa, huenea mwilini. Na kutafuta tiba ni katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.).